Rejesho la Kila Wiki, Mavuno Mara Moja kwa Msimu

Wanaoitetea mikopo midogo kwa wakulima wana hoja nzito. Mkulima mdogo huhitaji fedha nyingi zaidi wakati ule ambao hana kitu: ghala limekauka na mvua zimekaribia. Akikosa fedha ya pembejeo, hupanda mbegu alizobakiza bila mbolea. Akikosa ya vibarua, palizi huchelewa na mazao hudumaa. Njaa ikizidi, huliacha shamba lake kwenye magugu akaenda kulima la mwenzake ili apate chakula cha siku.

Hili lilipimwa wilayani Chipata, Zambia. Wakulima walikopeshwa mahindi au fedha katika kipindi hicho cha njaa, wakalipa baada ya kuvuna. Walipunguza kwenda kulima mashamba ya wengine, wakashinda mashambani mwao, na mavuno yakaongezeka. Kilichokuwa kimepungua ni nguvu kazi ya mwenye shamba mwenyewe, naye aliinunua tena kwa mkopo.

Wanaoipinga nao hawasemi ovyo. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Hazikuhusu kilimo pekee, lakini jibu lake lilifanana: mikopo midogo ilisaidia kidogo, na haikuwatoa wengi kwenye umaskini. Kwa mkulima hesabu ni ngumu zaidi. Riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kwa miezi 7 tangu kupanda hadi kuuza, ni asilimia 21. Mbolea isipozalisha zaidi ya hapo juu ya gharama yake, mavuno yanaweza kupanda huku mkulima akizidi kufukarika. Wanaojivunia magunia yaliyoongezeka mara nyingi hawataji hesabu hii.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa limo kwenye ratiba ya malipo. Mfumo uliosambaa duniani kutoka Bangladesh, kwa Grameen ya Muhammad Yunus iliyosajiliwa kuwa benki mwaka 1983, ulijengwa juu ya vikundi na marejesho ya kila wiki. Anayeuza bidhaa kila siku anaumudu. Aliyepanda mahindi hana cha kuuza kwa miezi kadhaa, na rejesho la kwanza linamkuta mche haujafika magotini. Atauza mbuzi, au atarudi kwenye kibarua kilekile ambacho mkopo ulipaswa kumwepusha nacho. Wengine huficha sehemu ya mkopo ili walipie marejesho, maana yake wanalipa riba ya fedha ambayo haikugusa udongo. Kisha tukiona mavuno hayakupanda, tunamlaumu mkulima kwamba hajui kutumia mkopo!

Utafiti uliofanywa Mali unaunga mkono hoja hii ya ratiba, lakini unaonya pia. Huko mkopo ulilipwa kwa mkupuo baada ya mavuno, na waliokopa waliongeza uzalishaji. Wale waliokataa kukopa walipopewa fedha za bure, uzalishaji wao haukupanda. Walijua mashamba yao yangerudisha nini. Kwa hiyo programu inayojipima kwa idadi ya wakopaji, na kuwashawishi hata wanaosita, inawatwisha deni watu waliokwisha kupiga hesabu zao vizuri.

Inabaki mvua, ambayo hakuna ratiba ya marejesho inayoweza kuiamuru. Kaskazini mwa Ghana, wakulima waliopewa bima ya mvua, inayolipa fidia mvua ikikosekana, waliwekeza zaidi shambani kuliko waliopewa fedha taslimu. Wengi walikuwa na uwezo wa kutafuta mtaji, ila waliogopa kuupoteza ardhini. Mtu anaweza kusema basi tuiambatanishe bima na kila mkopo. Malawi walijaribu, mkulima akilipia bima hiyo mwenyewe, na waliokubali mkopo wakashuka kutoka asilimia 33 hadi takriban 18. Naona waliokataa walikuwa na sababu: mvua ikikatika, anayelindwa kwanza na bima ya namna hiyo ni mkopeshaji, kwa kuwa fidia inakwenda kulipa deni lake. Ada ya bima ailipe mkopeshaji, na rejesho la kwanza alipangie wiki ambazo mazao yamekwisha kuuzwa.