Wanawaambia ni vitamini

Jumapili nilikwenda kwa dada yangu Mbagala. Mpwa wangu, miaka 16, kidato cha tatu, akanifungulia mlango akiwa na singilendi. Kifua kimejaa, mabega yamepanda hadi karibu na masikio, na mgongo mzima umetapakaa chunusi kubwa nyekundu. "Napiga chuma tu, anko." Mama yake alipoingia jikoni nikambana, akatoa soksi ya shule aliyoificha chini ya godoro. Ndani mlikuwa na bomba la sindano na kichupa cha mafuta ya njano kisicho na hata jina la kiwanda. Anadungwa na mtu mzima anayewasimamia mazoezi. Kaambiwa ni vitamini ya misuli.

Neno hilo limeninyima usingizi, maana ndilo walilolitumia Ujerumani Mashariki. Kuanzia 1974 serikali ile ilikuwa na mpango rasmi wa siri wa kuwapa wanamichezo dawa hizi za kujaza misuli, steroidi, yaani homoni ya kiume ya kutengenezwa, kwa vidonge vya buluu vya Oral-Turinabol, wakiwemo mabinti wadogo walioambiwa wanameza vitamini. Mmoja wa mabinti hao, Heidi Krieger, alianzishiwa akiwa na miaka 16, umri wa mpwa wangu. Mwaka 1986 akawa bingwa wa Ulaya wa kurusha tufe. Leo ni mwanamume anayeitwa Andreas, na uchungu wake mkubwa ni kwamba dawa zile zilimnyima nafasi ya kujitambua mwenyewe kama ni mwanamke au mwanamume. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, mkuu wa michezo, na daktari Manfred Höppner. Wakapewa vifungo vya nje. Vya nje!

Najua kuna watakaosema kijana kajitakia. Haya, kifua alikitaka mwenyewe, kila siku anaviona kwenye simu. Lakini sindano hakuibuni yeye. Kuna mtu mzima aliyeipokea hela ya mtoto, akamwambia ageuke, akamdunga. Huyo ndiye ninayemtaka mbele ya hakimu.

Mwili wa miaka 16 bado unajijenga. Ukiumiminia homoni ya kiume kutoka nje, ubongo unaona imezidi, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi, nazo zinasinyaa. Akiacha ghafla, mwili wake hauna cha kwake cha kumshikilia, na huzuni inayomshukia inaweza kuwa nzito mno. Halafu kuna mifupa. Zile sehemu laini kwenye ncha zake, zinazomrefusha kijana, hufunga kabla ya wakati wake, na zikishafunga hazifunguki tena. Misuli ataipoteza akiacha, na akitaka ataijenga upya. Urefu hauna mazoezi.

Chuma chenyewe sina ugomvi nacho, bora huko kuliko kijiweni. Mtaani kwetu tulinyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na mabaunsa walitoka pale kwa ugali na maharage.

Kwenye fremu ya mlango wa chumba chake dada humpima kwa penseli kila Januari, tangu darasa la kwanza. Alama mbili za mwisho hazipishani hata upana wa kidole, na baba yake ana futi sita. Nilipomweleza habari ya mifupa aliziangalia zile alama kwa muda, akavaa shati.

"Kwa hiyo, anko, mimi sirefuki tena?"

Nimemwambia Jumatano tunakwenda hospitali, mimi na yeye. Swali lake sikulijibu.