Nani kawaambia mwanamke akizaa miguu inaisha?

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa Ngaramtoni, hapa nje kidogo ya Arusha, nasubiri chapati, saa moja asubuhi hivi, Mlima Meru uko wazi yote mpaka kileleni, na wakimbiaji wakaanza kurudi kutoka barabara ya Namanga, si unajua Jumamosi ndo siku yao ya mbio ndefu, wanapanda mpaka Oldonyo Sambu kule wanageuza. Vijana wakapita kwa kundi. Nyuma kabisa akaja dada mmoja, jirani yangu, peke yake, fulana imelowa kifuani. Sio jasho jamani, maziwa. Madoa mawili ya maziwa, manake ana mtoto wa miezi saba na alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri mtoto amelala.

Kaka mmoja meza ya pembeni, mtu ambaye riadha anaijua, akamwangalia akasema, "Huyu alikuwa moto sana. Ila ndo hivyo, kashazaa, kachuja." Wenzake wakaitikia, wakaendelea na chai.

Mimi chapati ikanishinda.

Hilo neno kuchuja nimelibeba kichwani wiki nzima. Kanga inachuja kwa sababu rangi yake ilikuwa mbovu tangu dukani. Huyu dada rangi yake haikuwa mbovu. Kabla ya mimba alikuwa na kocha, ana kitanda kambi ya riadha, ana viatu alivyopewa, na kuna meneja alishaanza kuulizia pasipoti yake. Tumbo lilipoanza kuonekana akaambiwa akapumzike nyumbani, atapigiwa simu. Viatu akarudisha. Simu haijapigwa mpaka leo naandika hapa. Sasa anakimbilia raba za mtumba za soko la Kilombero, ya kushoto soli ilibanduka, fundi akaigandisha akaona haishiki akaishona kwa ule uzi mnene wa viroba, na ule uzi ukianza kuisha unamkwaruza kidole gumba, amenionyesha kidonda. Kwa raba hizo anakimbia mara tano kwa wiki. Halafu mtu anakunywa chai yake anasema kachuja.

Aliyezuiwa ni nani na aliyechuja ni nani, tuwe wakweli.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu jirani zetu Wakenya hapo ng'ambo ya Namanga wameshatuonyesha mchana kweupe. Faith Kipyegon alijifungua Juni 2018, mwaka uliofuata Oktoba yuko Doha anachukua fedha ya dunia mita 1500, kisha dhahabu ya Olimpiki Tokyo, kisha Paris, na rekodi ya dunia akaishusha mpaka 3:48.68 mwaka 2025, na mwanae anakua. Hellen Obiri alijifungua 2015, mwaka uliofuata akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Rio, baadae akahamia marathoni akashinda Boston mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Edna Kiplagat ameshinda Boston 2017 akiwa mama na ana miaka 37. Thelathini na saba! Hapa kwetu binti wa miaka 24 akizaa tunamfanyia matanga.

Na marathoni ndo mchezo wa watu wazima hasa. Zile kilomita zinalimbikizwa mwilini miaka na miaka, moyo na miguu vinazoea taratibu, ndo maana unaona wengi wanafika kilele chao wakiwa wamevuka 28, 30, hata zaidi. Kwa hiyo sisi tunamtupa mwanamke karibu na muda ambao angeanza kutuvunia. Ni kama kung'oa mgomba umeshatoa mkungu mdogo wa kwanza, ukasema huu basi, hautazaa tena, wakati machipukizi yako pembeni yanakuangalia.

Mtu ataniambia wapo wanaorudi, hasa wale wa timu za majeshi. Sawa, nakubali, na hapo nazipa timu za jeshi, polisi na magereza haki yao, kwa sababu mwanariadha mwenye ajira ana mshahara na ana likizo ya uzazi, sheria inasema siku 84 kwa malipo, na mia moja kama ni mapacha. Akitoka likizo kazi bado ipo. Lakini hawa wa kambi binafsi, wanaoishi kwa zawadi za mbio, likizo yao ni siku ngapi? Hawana. Hela yao inakuja pale wanapovuka ule mstari tu, mwezi usipovuka hakuna kitu, na mimba ni miezi tisa, weka na kunyonyesha, umeshafika karibu miaka miwili mtu hajaingiza hata shilingi ya riadha. Mwanaume akivunjika mfupa anakaa mwaka mzima nje na bado watu wanamuulizia anarudi lini. Huyu hakuna anayemuulizia.

Ndo mahali hesabu inapotushinda, hapo kwenye hiyo miaka miwili. Hatuhitaji uwanja mpya kwa hili. Kambi ikimwacha jina lake kwenye orodha, kocha akampa programu nyepesi ya kutembea na kukimbia polepole daktari akisharuhusu, mtoto akapata kona yake pale kambini na dada mmoja wa kumshika masaa mawili asubuhi, viatu asivuliwe, hiyo ni gharama gani jamani kulinganisha na miaka sita ambayo kocha huyo huyo alitumia kumlea?

Maana vipaji vya wanawake tunavyo na tumeviona. Zakia Mrisho wa Singida, Helsinki 2005, fainali ya dunia mita 5000, Waethiopia wamebeba nafasi nne za kwanza zote na yeye akawa wa sita kwa 14:43.87, haikufika hata sekunde moja na nusu kutoka kwenye shaba. Nilikuwa nakimbia mita 3000 UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, miaka hiyo, na mwalimu wetu wa michezo alituhadithia ile mbio kama vile alikuwepo, mzunguko kwa mzunguko, mimi nimekaa chini kwenye majani nimeshika magoti. Halafu Magdalena Shauri, naye Mtanzania, marathoni ya Berlin 2023, wa tatu kwa 2:18:41, siku ile ile Tigst Assefa alipovunja rekodi ya dunia kwa 2:11:53.

Septemba 2025 Alphonce Simbu wetu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, yeye na yule Mjerumani muda mmoja, 2:09:48 wote, mpaka picha ikaamua, mimi nililia kabisa na mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele. Alistahili kila kelele. Hata wiki nne hazijaisha Shauri akawa wa tatu Chicago, 2:18:03, kasi kuliko ya Berlin. Nikauliza kijiweni siku ya pili nani kasikia. Mtu mmoja tu alikuwa na habari, mama anayeuza ndizi.

Nimemaliza kuandika hayo nikamfuata jirani yangu jioni, sikumwambia alichosema yule kaka. Nilimuuliza tu shida yake kubwa ni ipi, nikidhani atasema viatu. Akasema, "Dada, shida yangu ni Jumamosi. Siku nyingine nakimbia karibu na nyumbani, saa moja nimerudi kunyonyesha. Jumamosi ndo ndefu, na mama mkwe Jumamosi anaenda sokoni mapema, kwa hiyo naondoka mtoto amelala namwombea tu asiamke, nikiwa kule juu mawazo yote yako nyumbani, nakata njiani nageuza." Yaani ile Jumamosi niliyomuona nyuma ya wote alikuwa anakimbia na hofu ya mtoto kuamka na kulia peke yake.

Jumamosi hii mtoto nakaa naye mimi. Ameshaniletea kikombe, kijiko na kitambaa cha kumfutia, na atakamua maziwa usiku. Ananiambia akitoka saa kumi na moja atakuwa amerudi saa moja na nusu, na safari hii anafika Oldonyo Sambu.