Madeni Yangu, Mbele ya Kijiwe Kizima

Kabla hamjaendelea kurusha kwenye magrupu ile sauti aliyorekodi rafiki yangu, eti nililia nikakimbia: sikulia. Lilikuwa jasho. Na sikukimbia, nilitoka kununua maji.

Haya. Programu yetu ya daftari la madeni mnaijua, ile tunayoijenga kwa kujitolea. Jumamosi ilikuwa zamu yangu kuijaribisha kwa watumiaji hapa Ngamiani, Tanga. Zoezi dogo tu: watu watano, dakika 20 kila mmoja, kazi tatu kwenye vijikaratasi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kujaribisha programu kwa watumiaji, aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kuibua asilimia 85 hivi ya matatizo. Hakusema wasiwe wanakudai.

Kanuni nazijua kama nyimbo za madrasa. Kijikaratasi kisitaje neno lililo kwenye kitufe, utakuwa umempa mtu jibu. Mtumiaji aseme kwa sauti kila anachokiona na kukiwaza. Msimamizi kimya, mtu akikwama, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kwanza. Akikuuliza, mrudishie swali lake. Simu iwe ya majaribio, yenye majina ya kubuni.

Wawili wa kwanza walitumia simu hiyo. Kisha ikazima chaji, nami kwa uvivu nikatoa yangu, yenye madeni yangu halisi, nikaichomeka waya kwenye televisheni ya kijiwe ili mwandishi wa noti aone kioo bila kumchungulia mtu begani. Watu wamejaa, wanasubiri mpira. (Nani kaanza kucheka? Bado.)

Aliyetafuta watumiaji ni huyohuyo rafiki yangu. Wa tatu akaingia: mama wa vitumbua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, umepotea!”

Kazi ya pili ilisema: “Jirani uliyempa vitu juzi akaahidi kulipa, leo kaleta shilingi 2,000. Iandike.” Akawaza kwa sauti, vizuri kabisa: “Vitu vyangu, pesa yangu... basi ni hapa, Madeni Yangu.” Akabonyeza.

Kosa ni letu, si lake. Kwa mwenye biashara, deni langu ni lile ninalomdai mtu. Sisi tuliotafsiri tulikusudia ninalodaiwa. Kiswahili kinaruhusu yote mawili, na wale wawili wa kwanza walishapotelea hapohapo. Nikaandika, nikatabasamu, nikajiona mtaalamu.

Orodha ikafunguka. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma kama nilivyomwagiza, bila kuacha kitu.

“Ma-ma... Vi-tu-mbua. Mabano. Mkali. Funga mabano. Elfu kumi na nane na mia tano. Maelezo: pita... njia ya nyuma... mpaka tarehe thelathini.”

Kidole kikabaki pale pale. Nikaanza kuhesabu. Moja. Kwenye televisheni herufi zimetanda kama bango la kampeni. Mbili. Mzee wa bao kashika kete hewani. Tatu. Muuza kahawa kaacha kugonganisha vikombe vyake. Nne. Mama akageuka, taratibu, akanitazama juu ya miwani.

“Mwanangu, hii njia ya nyuma ni ile ya kwa fundi baiskeli?”

Na mimi, wallahi, mafunzo yakajibu kabla yangu:

“Wewe unadhani ni ipi, mama?”

Kijiwe kililipuka. Hapo ndipo nilipokwenda kununua maji.

Mengine ni mafupi. Nilirudi nikamlipa 10,000 palepale kwa simu, ikiwa bado imechomekwa, kwa hiyo hata salio mliliona. Wa nne alipotelea palepale, wa tano akapita. Wenzangu walipendekeza “Nadai” na “Nadaiwa”, tukakataa: mtu mwenye haraka haoni tofauti yake. Sasa ni “Pesa za Kulipa” na “Pesa za Kupokea”, na watu wawili tuliowajaribu jana hawakusita.

Noti za rafiki yangu, ambaye amefundishwa kuandika yaliyotokea na si maoni yake, zinasomeka hivi: “Mtumiaji 3, kazi ya 2. Dakika 6. Haikukamilika. Sababu: mteja hajalipa.”