Pikipiki Yenye Kompyuta na Baba Mkwe wa Kongwa

Kosa la kwanza nililifanya usiku, mbele ya ugali wa uwele na mlenda, na aliyelifanya alikuwa mdomo wangu. Baba mkwe alikuwa amewasili jioni ile kutoka Kongwa juu ya Honda CG 125 yake ya miaka mingi, yenye kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), kiki na tenki lililobonyea upande mmoja, akaiegesha hapa kwangu Nkuhungu, Dodoma, kando ya pikipiki niliyokuwa nimeinunua wiki tatu kabla. Badala ya kumwuliza habari za mvua na mifugo kama mkwe mwenye adabu, nilimweleza kwa kirefu kwamba pikipiki yangu haina kabureta wala choki ya kuwashia injini ikiwa baridi; kwamba ndani ya tenki mna pampu ya umeme inayosukuma petroli kwa mgandamizo wa karibu bar 3; na kwamba nozeli huinyunyizia injini mafuta kwa kipimo cha kompyuta, ambayo kabla ya kuamua hupima kwanza joto la injini na hewa inayoingia. Nilimalizia kwa kusema kwamba pikipiki ya namna hiyo haijui kugoma.

Baba mkwe alimeza tonge, kisha akasema kwa upole kwamba mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta yao kulima karanga, nao walieleza vizuri sana, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Mke wangu, aliyekuwa akileta maji ya kunawa, aligeuza uso ukutani. Mimi nilicheka kwa sauti, nikidhani mzee anapiga hadithi.

Kosa la pili lilikuwa limejificha kwa siku kadhaa. Kwa kuwa pikipiki hulala sebuleni, kila alfajiri nilikuwa naiwasha ili inisaidie kuvuka kizingiti, kisha baada ya sekunde tano naizima na kurudi ndani kunywa chai. Ulikuwa mwezi wa Julai, na asiyeijua Dodoma ya Julai kabla jua halijachomoza hudhani baridi ni mali ya Iringa peke yake. Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza mafuta, kwa sababu petroli haigeuki mvuke kwa urahisi na sehemu yake hutua kama umande kwenye kuta za silinda na kwenye ncha ya plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta. Ukiiacha injini ikazunguka dakika kadhaa, joto hukausha yote. Ukiizima mara moja, umande unabaki, na kesho unaongeza mwingine juu yake. Asubuhi ile niliiwasha na kuizima mara tatu: kuitoa ndani, kuipisha Honda ya mgeni, na mara ya tatu, naungama, ili mgeni asikie jinsi inavyoitika kwa kugusa kitufe tu.

Nilipotoka saa moja kasorobo, nimevaa shati la ofisi na kofia ngumu, tayari kwenda kazini Mtumba, nilizungusha ufunguo, pampu ikavuma sekunde mbili kama ilivyo desturi yake, nikabonyeza stata. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka bila kusema neno. Mkono wangu, ambao ulijifunzia pikipiki za kabureta, ukaanza wenyewe kuchezesha resi, nusu mbele, nusu nyuma. Harufu ya petroli ilitanda hadi kwa jirani, naye akauliza kupitia dirishani kama tumefungua kituo cha mafuta. Kila nilipobonyeza, nozeli ilikuwa ikimwagia plagi iliyokwisha kulowa, na plagi iliyolowa haitoi cheche ya maana.

Baba mkwe alikuwa amekaa barazani na kikombe chake. Hakusema lolote, na afadhali angesema.

Stata ilipoanza kusota na taa za dashibodi kufifia, walijitokeza washauri. Kijana wa bodaboda alizunguka injini mara mbili akitafuta choki, akaniuliza kwa huruma, “Kaka, choki yako waliiba?” Mwingine alishauri tusukume. Nilijua kwamba betri ikiwa dhaifu, pampu haina nguvu ya kupandisha mafuta na kompyuta yenyewe husinzia, hivyo kuisukuma pikipiki ya aina hii ni tofauti kabisa na kuisukuma ya kabureta. Lakini aibu ikikupanda kichwani elimu hushuka, nami nikapanda kitini. Watoto sita walinisukuma katika mchanga wa Nkuhungu hadi mwisho wa mtaa, kisha wakanigeuza na kunirudisha, na kwa muda wote huo injini haikutoa hata kikohozi. Tulipowasili, shati la ofisi lilikuwa limegeuka rangi ya barabara, na watoto walikuwa wanadai andazi kila mmoja.

Ndipo mzee alipoweka kikombe chini, akaja taratibu na spana ya plagi kutoka kwenye mfuko wa kiti cha Honda yake. “Mwanangu, injini yako imelewa,” alisema. “Mlevi humwongezi pombe.” Alifungua plagi, akainusa, akanionyesha: nyeusi, inang’aa kwa petroli. Aliifuta kwa kitambaa, akaiacha juani mbali na jiko la mke wangu, na wakati ikikauka tukaazima umeme wa betri ya gari la jirani, gari lenyewe likiwa limezimwa, nyaya nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwenye chuma cha injini. Plagi iliporudishwa, mzee akaniamuru nifungue resi yote hadi mwisho, niishikilie hapohapo bila kuichezesha, ndipo nibonyeze stata.

Nilijaribu kupinga kwa heshima. “Baba, hiyo ni dawa ya kabureta. Hii ina kompyuta.”

“Basi na kompyuta itaona,” alinijibu.

Jioni nilisoma kitabu cha maelekezo, ambacho ningepaswa kukisoma wiki tatu kabla, na nikakuta mzee yuko sahihi neno kwa neno, ingawa kwa sababu tofauti. Katika kabureta, resi iliyofunguliwa yote huingiza hewa nyingi ya kukausha mafuta yaliyozidi. Katika pikipiki yangu, kompyuta ikiona resi imefunguliwa yote huku stata inazunguka, hutambua kwamba injini imejaa na kuifunga nozeli, ili hewa peke yake ipite na kusafisha silinda. Nadhani walioipanga kompyuta ile nao walikuwa na wakwe.

Nikafanya kama nilivyoagizwa. Sekunde nne, tano, kikohozi kimoja, halafu petroli iliyokuwa imekusanyika kwenye bomba la moshi ikalipuka kwa kishindo ambacho kuku wa mtaa mzima walikitafsiri kuwa ndiyo siku ya mwisho. Watoto walitawanyika na maandazi yao. Mimi niliruka, mkono wa kulia ukaparamia kila kilichokuwa kwenye usukani, na injini, iliyokuwa imeunguruma kwa nukta moja tukufu, ikazima.

Nikabonyeza stata. Kimya. Nikazungusha ufunguo upya: taa zote ziliwaka vizuri, mshale ulicheza, lakini pampu haikuvuma. Nilitangaza mbele ya mashahidi kwamba umeme wa gari la jirani umeunguza kompyuta.

Saa mbili ilikuwa imekwisha kupita. Mzee alipiga kiki moja, Honda ikaitika, akanionyesha kiti cha nyuma. Sitaki kueleza sana safari ya kwenda Mtumba. Mkwe hamshiki mkwewe kiunoni, kwa hiyo kutoka Nkuhungu, tukapita katikati ya jiji hadi Ihumwa na kuendelea, nilishikilia kwa mikono miwili chuma cha kubebea mizigo nyuma yangu, kifua mbele, kama jogoo anayepelekwa sokoni. Wenzangu wa ofisini walikuwa wote nje wakiota jua.

Mchana nilimpigia simu fundi, akanitajia bei ya pampu mpya iliyonifanya niombe kiti, na ya kompyuta aliyoitaja baadaye iliyonifanya nisihitaji tena kiti bali mkeka. Jioni nilimkuta baba mkwe amechuchumaa mbele ya pikipiki yangu, akiitazama kama mtu anayetazama mbuzi asiyeeleweka. Nilimweleza kwa huzuni kwamba pampu imekufa na huenda kompyuta pia, na kwamba itanibidi nisubiri mshahara.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kimoja hadi upande wa kulia wa usukani, kwenye ile swichi nyekundu ya kuzimia injini ambayo kiganja changu kilikuwa kimeigonga asubuhi wakati wa kishindo, akairudisha mahali pake, na akanifanyia ishara ya kichwa nizungushe ufunguo. Pampu ikavuma sekunde mbili.

“Mbukwa,” mzee aliisalimu pikipiki kwa Kigogo, akaingia ndani kula.