Maji ya moto au Mto Kiwira? Mapaja baada ya mteremko

Jumamosi moja tuliteremka mbio kutoka Isyonje hadi Kiwira, mkoani Mbeya, ukungu bado umelalia mashamba ya viazi. Tulikuwa sita, wengi wetu wa Uyole na Mwanjelwa, tuliozoea kukimbia tambarare. Hakuna aliyehema. Tulipiga soga njia nzima, na nilipofika chini nilijiona kama niliyepewa kilomita za bure. Jumapili mapaja yakawa mazito kidogo. Jumatatu asubuhi nikashindwa kuchuchumaa chooni. Ilibidi nishike mlango kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine, na kuinuka ikawa shughuli nyingine.

Tangu hapo kundi letu lina kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya maji ya moto: ukandwe kwa taulo, unywe supu, ulale, usiguse raba mpaka maumivu yaishe. Mwenyekiti wao ni shangazi yangu, ambaye hajawahi kukimbia mbio yoyote lakini amekanda watu wengi. Kambi ya pili ni vijana wa mtoni: ukimaliza tu mbio unazama Mto Kiwira hadi kiunoni, na kesho yake unakimbia polepole "kutoa asidi".

Hiyo asidi tuiondoe kwanza. Laktiki, ndiyo asidi wanayoisema, hupanda kwenye damu wakati wa mbio na kurudi kawaida ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayokuuma Jumatatu. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwakimbiza watu dakika 45, mara kwenye tambarare, mara kwenye mteremko wa asilimia 10. Tambarare ilipandisha laktiki bila kuleta maumivu ya maana. Mteremko haukuipandisha, na ndio uliowaumiza watu.

Dereva wa lori anayeshuka mlima Kitonga anaelewa jambo hili bila kusoma utafiti: injini haichoki, breki ndizo zinazonuka. Ukiteremka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki. Kila hatua uzito unalikunja goti, misuli inavutwa irefuke huku yenyewe inakaza ili usianguke. Kukaza huku unavutwa kunaumiza nyuzi za ndani za misuli, na mwili huanza ukarabati unaoleta uvimbe na kufanya eneo lote liwe jepesi kuuma. Kazi hiyo haianzi papo hapo, ndiyo maana maumivu hukolea kati ya saa 24 na 72.

Sasa vijana wa mtoni. Wana ushahidi, ila si mwingi kama wanavyojigamba. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalijumlisha majaribio madogo 17 na kukuta kwamba maji baridi hupunguza maumivu kuliko kukaa tu. Shida ni kwamba huwezi kumficha mtu kuwa yumo kwenye maji baridi, na anayeamini atapona huhisi nafuu mapema. Tena utafiti wa mwaka 2015 juu ya wanyanyua vyuma uligundua kuwa waliojizamisha kwenye maji baridi kila baada ya zoezi walijenga misuli kidogo kuliko wenzao. Wanyanyua vyuma si wakimbiaji, lakini mtu anayeingia mtoni kila wiki ajiulize anazima nini hasa.

Upande wa shangazi, taulo la moto halikarabati uzi wowote. Linalegeza tu na kutuliza, na mtu akitulia analala, na usingizi ni kitu ambacho sijaona kambi yoyote ikikipinga. Anapokosea ni kwenye kulala kutwa. Kutembea taratibu kunapunguza ugumu wa miguu, japo nafuu yenyewe hudumu muda ule unaotembea. Kukimbia kesho yake ni habari nyingine: nguvu ya paja huwa imeshuka, goti halishikwi vizuri, na mguu uliochoka hukanyaga vibaya.

Na hapa wote wawili wanapima kitu kisicho sahihi. Wanapima maumivu. Maumivu yanaweza kuisha Alhamisi wakati nguvu bado haijarudi. Kipimo changu ni ngazi: nikiweza kuzishuka bila kushika ukuta, goti bila kutetemeka, ndipo natafuta raba.

Vidonge nitavipita haraka. Diklofenaki na ibuprofeni haviharakishi kupona, na kuvimeza huku umekauka maji ni kuzibebesha figo mzigo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, usikande wala usiende mtoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo: misuli iliyoharibika sana inaweza kuwa inaziumiza figo.

Mimi naona ubishi wetu wote umechelewa, maana dawa yenye nguvu kuliko zote hutumika kabla ya mbio. Utafiti wa mwaka 1985 ulionyesha kuwa waliorudia mteremko baada ya wiki 3 au 6 waliumia kidogo sana kuliko mara ya kwanza. Baada ya wiki 9 kinga ilikuwa imeisha. Mteremko mmoja tu wa nusu saa uliwapa kinga hiyo.

Mbio za marathoni za Boston kule Marekani, ambazo mwisho wake uko chini ya mwanzo kwa mita 140 hivi, zinajulikana kwa kuumiza mapaja hivyo: sehemu kubwa ya kwanza unashuka, kisha vilima vya Newton vinakukuta breki zimeshatumika. Mkimbiaji wetu wa Tanzania, Juma Ikangaa, alishika nafasi ya pili pale mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mwaka huo wa mwisho alianza kwa kasi ya kutisha kabla Gelindo Bordin wa Italia hajampita.

Wiki nne baadaye tulirudi Isyonje, safari hii tukianza na kipande kifupi, hatua fupi fupi, mwili haujalala nyuma. Jumatatu yake nilichuchumaa bila kushika chochote. Vijana wanasema ni mto. Shangazi anadai ni lile taulo.