Jamaa Aliyekula Papa

Mnazijua zile klasi za Kiingereza za mtandaoni, mwalimu yuko Uingereza, nyinyi mmejazana kwenye viboksi kila mtu anaomba asiitwe? Nikaitwa. Simulia kitu cha kutisha. Nikaona hapa ndo penyewe, nikashusha "There was a man-eating shark at the beach" kwa mbwembwe zote, mkazo nikaukandamiza kwenye EAT, si ndo silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili chetu jamani, sa-MA-ki, mwa-LI-mu, man-EAT-ing.

Mwalimu akatabasamu. "Alimpika au alimla mbichi?"

Nikamwambia bwana we, damu kila mahali, watu wanakimbia wanapiga mayowe. Akazidi kushangaa: "Sasa wanakimbia nini, hakuwagawia?" Wenzangu washaziba midomo, mi ndo kwanza namwaga maelezo, ana meno balaa, akimaliza mmoja anarudia mwingine, na ticha anatikisa kichwa kwa masikitiko, kumbe kichwani mwake kuna jamaa kakaa mchangani anashushia papa wa tatu.

Ikabidi afafanue. MAN-eating, mkazo mbele, papa ndo anakula mtu. Ukiupeleka kwenye eating, mtu ndo anakula papa. Kwenye maandishi kistari kinakuokoa, mdomoni hakuna kistari, mkazo ndo kistari chenyewe.

Haya, HEART-breaking, TIME-consuming, zote mbele, nikajiona nimeiva. Nikamwambia basi na mtu mzuri ni GOOD-looking. Wapi! "He's good-LOOKing", nyuma. Bad-TEMpered nyuma, old-FASHioned nyuma. Ila sifa hiyohiyo ukiiweka kabla ya nomino, "a GOOD-looking man", mkazo unarudi mbele. Yaani unahama kama mpangaji anayedaiwa kodi, na hakuna anayeona ajabu.

Akaona atupumzishe na silabi, tupige makofi kwa "old-fashioned". Yake matatu tu, maana ile -ed kwa kawaida haihesabiki silabi mpaka itanguliwe na sauti ya t au d, kama kwenye kind-hearted. Akamwita jamaa mmoja ajaribu. Jamaa akawasha maiki, akakunja mikono ya shati kabisa: o-li-di-fa-sho-ne-di. Makofi saba, tena ya nguvu. Kimya. Mara kamera ya mwalimu ikazima, ikabaki sauti tu inasema mtandao unasumbua.