Msiilaumu Mashine, Tazameni Msimbo

"Hitilafu hiyo hatujaiona kwetu. Tunawashauri mnunue seva ya Intel." Hilo ndilo jibu tulilopewa, sisi tunaotumia mashine ya prosesa ya ARM badala ya Intel, na waliotuuzia programu ya kukusanya vipimo vya mita, baada ya kuwatumia logi (kumbukumbu za programu) na ushahidi wa kutosha kwamba ujumbe wa mita moja unatoka na kichwa chake sahihi huku ndani umebeba vipimo vya mita nyingine. Nilikasirika, na hasira bado haijaniisha, maana imani iliyo nyuma ya jibu hilo imeenea mno katika kazi yetu: programu ikienda vizuri kwa aliyeiandika na kuharibika kwa mteja, basi mbovu ni mashine ya mteja.

Sikubali hata kidogo.

Kwanza walisingizia mtandao. Huku kwetu mtandao hubebeshwa lawama za kila mtu, na mara nyingi unastahili. Lakini pakiti iliyoharibika njiani haigeuki ikawa vipimo kamili vya mita nyingine. Data ilifika salama. Iliharibikia ndani ya mashine, ikitoka uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kazi wa programu, kwenda mwingine.

Msimbo wenyewe ni wa aina tunayoiona kila siku. Uzi wa kwanza unapokea ujumbe, unauandika kwenye bafa (sehemu ya memori ya kuhifadhia kwa muda), kisha unapandisha bendera, alama ndogo ya kwamba ujumbe uko tayari. Uzi wa pili unaiangalia bendera, na ikipanda unasoma bafa. Hakuna kufuli la kuzuia nyuzi zisiguse data kwa pamoja, hakuna kizuizi cha memori cha kulinda mfuatano. Kwenye prosesa za Intel na AMD, maandishi ya kori moja (kitengo kimoja cha kazi ndani ya prosesa) huonekana kwa kori nyingine kwa mfuatano uleule yalivyoandikwa, na usomaji nao huheshimu zamu, kwa hiyo kompaila, inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, isipovuruga mpangilio, msimbo huo utaenda miaka na miaka. ARM haijaahidi hivyo. Kori ya pili inaweza kuiona bendera imepanda kabla ya kuona kilichoandikwa kwenye bafa. Ni kama kuita watu mezani, wanafika wanakuta sahani za jana. Prosesa haijakosea: imefuata kanuni zake, na kanuni hizo zimechapishwa. Aliyekosea ni aliyechukua ukarimu wa Intel akadhani ni sheria ya kompyuta zote.

Wala hili si jambo geni. Java ilirekebisha kanuni zake za memori mwaka 2004, C na C++ zikapata za kwao mwaka 2011, na zote zinakupa njia ya kusema wazi kwamba data hii ionekane kabla ya bendera hii. Kutangaza bendera kuwa "volatile" kwenye C, yaani kuiagiza kompaila iisome upya kila mara, hakutoshi, ingawa ndivyo walivyofanya hawa. Na ARM si bodi ndogo ya kuchezea tu. Kompyuta za Apple zimo humo tangu 2020, Amazon inakodisha seva za Graviton tangu 2018, na kila simu mnayosomea maneno haya karibu hakika ni ARM.

Wanaosema hitilafu isiyoonekana kwao haipo, wakumbuke Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa kadhaa dozi kubwa kupindukia, na baadhi yao wakafa. Sehemu ya chanzo ilikuwa kazi mbili ndani ya programu kugongana pale mhudumu mzoefu aliporekebisha maagizo haraka. Huko Tyler, Texas, wahandisi wa kiwanda walishindwa kuirudia hitilafu. Walioirudia ni mwanafizikia wa hospitali na mhudumu wake. Linaloniuma zaidi ni hili: kasoro hiyo ilikuwamo pia katika Therac-20 iliyotangulia, ila ile ilikuwa na saketi za ulinzi, ikawa inakata fyuzi tu. Vifaa vya zamani viliisitiri, vipya vikaiacha wazi. Mita zetu haziui mtu, lakini kuna mama analipa bili ya jirani yake.

Baadaye walituletea "marekebisho": usingizi wa milisekunde 50 kabla ya kusoma bafa. Huko ni kuficha maradhi. Kuchelewa hakuweki mpangilio wowote, kunapunguza tu nafasi ya kuikuta hitilafu, na ile itakayobaki itatokea usiku, mzigo ukiwa mkubwa, mkiwa hamna logi. Logi nazo zina mtego wake. Tukiziwasha kwa wingi, tatizo linatoweka, kwa kuwa kuandika logi mara nyingi hupitia kufuli ndani kwa ndani, na kufuli hilo huleta mpangilio uliokosekana.

Walijitetea pia kwamba wamejaribu toleo la ARM ndani ya emuleta ya QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine. Kwenye laptopu ya Intel! Chini ya emuleta hiyo bado kuna prosesa ya Intel inayotunza zamu. Jaribio hilo halithibitishi chochote kuhusu mpangilio wa memori, na bodi ya Raspberry Pi yenye kori nne ingewaonyesha mengi zaidi.

Wana ThreadSanitizer, zana ya kugundua nyuzi zinazogongana. Wanaotumia lugha ya Go wana kigunduzi chake tangu toleo la 1.1 la mwaka 2013. Vyote hukamata nyuzi zinazogusa data moja bila mpangilio hata kama siku hiyo hakuna kilichoharibika, na hata kwenye Intel. Ndiyo, programu hupungua kasi sana, kwa Go mara 2 hadi 20, na njia ambayo msimbo haukuipita haikaguliwi. Bado ni bora kuliko kubahatisha.

Haya, nakubali: zipo bodi zenye umeme hafifu na memori mbovu. Zetu tulizikagua kabla ya kumwandikia mtu yeyote.

Kisha tukazifunga nyuzi zote kwenye kori moja kwa amri ya Linux iitwayo "taskset". Hitilafu ikatoweka. Tukaziachia kori zote, ikarudi, na ikawa hivyo kila tulipojaribu. Memori mbovu haiponi kwa kupunguziwa kori. Matokeo hayo wanayo, pamoja na aina ya prosesa na mistari ya msimbo tunayoishuku. Tunachosubiri kutoka kwao ni toleo lenye kizuizi mahali pake, lililojaribiwa kwenye ARM halisi.